Balbu haikuwa na kosa: kisa cha osileta ya valvu iliyopotoka kwenye rengi ya chini

Osileta yenyewe, yaani mashine ya kuzalisha wimbi la umeme la frikwensi unayoitaka, ni ya valvu, ya ukoo wa daraja la Wien, sanduku zito la chuma lenye daili kubwa katikati na swichi ya rengi nne: Hz 5 hadi 50, 50 hadi 500, 500 hadi 5,000, na 5,000 hadi 50,000. Mwenyewe ni fundi kijana anayetengeneza amplifaya za valvu. Aliinunua ili apime jinsi transfoma za kutolea sauti zinavyostahimili besi, na kwa kazi hiyo rengi ya chini ndiyo anayoihitaji kuliko zote. Ikawa ndiyo rengi inayosumbua.

“Shikamoo, fundi,” aliniambia siku aliyoileta. “Sauti ilikuwa inashuka kwenye rengi ya kwanza. Nikaona balbu imechoka, nikaweka nyingine. Sasa ndiyo imeharibika kabisa.”

Nilimuuliza balbu ya zamani iko wapi. Akaitoa mfukoni, imefungwa kwa karatasi. Nilifurahi kuliko alivyotarajia, kwa sababu zilizomo katika sehemu kubwa ya kisa hiki.

Balbu inafanya nini humo ndani

Osileta ya daraja la Wien ni amplifaya inayojilisha yenyewe. Sehemu ya sauti inayotoka inarudishwa kwenye gridi (mlango wa kuingilia) ya valvu ya kwanza kupitia rezista mbili na kapasita mbili. Rezista ya kwanza (R1) na kapasita ya kwanza (C1) zimepangwa mfululizo, kutoka kwenye towe (mahali wimbi linapotokea) hadi kwenye gridi. Rezista ya pili (R2) na kapasita ya pili (C2) zimepangwa sambamba, kutoka kwenye gridi hadi chini, yaani kwenye chesisi. Mtandao huo una frikwensi moja tu ambayo wimbi linarudi bila kuchelewa wala kutangulia, na kwa frikwensi hiyo, ikiwa R1 ni sawa na R2 na C1 ni sawa na C2, kinachofika kwenye gridi ni theluthi moja ya kilichotoka. Kwa hiyo amplifaya ikikuza mara 3 kamili, wimbi linajiendeleza. Ikikuza mara 2.9, wimbi linafifia na kufa. Ikikuza mara 3.1, wimbi linakua mpaka vilele vyake vinagonga kikomo cha valvu na kuwa bapa.

Hakuna fundi anayeweza kuweka ukuzaji wa 3 kamili kwa bisibisi ukabaki hapo. Ndipo balbu inapoingia. Imewekwa kwenye njia ya mrejesho hasi (sehemu ya wimbi inayorudishwa ili kupunguza ukuzaji), upande wa kathodi ya valvu ya kwanza, ikishirikiana na rezista moja ya kurekebishwa. Uzi wa tangsteni ukipata joto, ukinzani wake unapanda; ukipanda, mrejesho hasi unaongezeka na ukuzaji unapungua. Wimbi likikua kidogo, balbu inapata joto na kulirudisha. Likishuka, balbu inapoa na kuliachia. Balbu haiwaki machoni. Inafanya kazi kwenye volti ndogo mno kuliko ile iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo uzi wake hauchomeki kama wa balbu ya nyumba. Ndiyo maana mimi humshuku kila anayesema balbu ya osileta “imechoka”. Inaweza kuvunjika kwa kuangushwa, au mguso wa kishikio chake kushika kutu. Kuchoka kwa kutumika ni nadra mno.

Wazo hili lina historia fupi na nzuri. Max Wien alieleza daraja lake mwaka 1891, likiwa chombo cha kupimia tu, kabla ya kuwapo valvu ya kukuza. Mwaka 1938 L. A. Meacham wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, alionyesha osileta ya daraja inayotulizwa na taa ndogo. Karibu wakati huohuo William Hewlett, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford chini ya profesa Frederick Terman, aliunganisha daraja la Wien, mrejesho hasi na balbu ya kawaida, akapata osileta ya sauti iliyo nyepesi, ya bei nafuu na yenye wimbi safi. Ndiyo iliyokuwa modeli 200A, bidhaa ya kwanza ya Hewlett-Packard, kampuni aliyoianzisha na David Packard katika gereji moja mjini Palo Alto, ikiuzwa kwa dola 54.40. Hati ya ubunifu alipewa Januari 1942.

Kabla ya hapo, maabara nyingi zilitumia osileta za tofauti: osileta mbili za frikwensi ya juu zinachanganywa, na tofauti yao ndiyo inakuwa sauti. Ukitaka Hz 20, unatoa kwa mfano 100,000 kwenye 100,020. Mojawapo ikisogea kwa Hz 10 tu kwa sababu ya joto, sauti yako imekosea kwa nusu nzima. Daraja la Wien halina ugonjwa huo.

Lina wa kwake, na huo ndio uliokuwa mezani kwangu. Ili frikwensi ibadilike kwa ulaini kwa kuzungusha kitufe kimoja, mashine za ukoo huu hutumia kapasita ya hewa ya vyumba viwili, aina ileile iliyokuwa kwenye redio. Kapasita hiyo ni ndogo. Hii yetu, mabapa yakiwa yameingiliana kabisa, ina takribani pikofaradi 500 kila chumba. Frikwensi ni 1/(2πRC). Ukitaka Hz 5 kwa pikofaradi 500, unahitaji rezista ya karibu megaomu 64. Rengi inayofuata ina megaomu 6.4, halafu kiloomu 640, halafu kiloomu 64. Nawaomba wasomaji wakumbuke hiyo 64.

Kuirudisha alipoikuta

Balbu mpya aliyoweka kijana ilikuwa ya volti zilezile lakini ya wati kubwa zaidi. Uzi wa wati kubwa una ukinzani mdogo ukiwa baridi, kwa hiyo ili ufikie ukinzani ambao mzunguko unautaka, lazima upashwe joto zaidi, na cha kuupasha ni wimbi lenyewe. Matokeo yake towe lilipanda mpaka valvu ya mwisho ikashindwa. Kwenye osiloskopu, chombo kinachochora wimbi kwenye kioo, vilele vilikuwa bapa katika rengi zote nne. Alipoona hivyo alizungusha rezista ya kurekebisha mrejesho mpaka mita ikasoma volti 20 tena. Sasa mashine ilikuwa na balbu isiyo yake, marekebisho yasiyo yake, na ugonjwa wa awali ukiwa haujaguswa.

Simlaumu. Dalili aliyoiona mwanzo ilikuwa ya kweli: towe lilishuka kwenye rengi ya kwanza, na balbu ndiyo inayotawala ukubwa wa towe. Hesabu yake ilikuwa na mantiki. Alichokosa ni kujiuliza kwa nini balbu iliyochoka ichoke kwenye rengi moja tu, ilhali rengi zote nne zinatumia balbu hiyohiyo.

Kabla ya kuwasha chochote nilifanya yale ninayoyafanya kwa kila mashine ya valvu iliyokaa muda mrefu: kapasita za elektroliti za pawasaplai nikaweka mpya, kapasita za karatasi zinazopitisha wimbi kati ya valvu nikaweka mpya, waya wa umeme nikabadilisha na kuunganisha chesisi na ardhi. Ndani humo kuna volti zipatazo 300 za mkondo mnyoofu, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Nazimwaga kupitia rezista, halafu napima kuhakikisha. Hiyo ni kazi ya kawaida na sitaieleza zaidi.

Nilirudisha balbu ya zamani, nikaiweka swichi kwenye rengi ya tatu, daili kwenye 1,000, nikasubiri nusu saa mashine ipate joto, nikarekebisha mrejesho mpaka towe likawa volti 20. Wimbi lilikuwa safi. Nikapita kwenye rengi ya pili, ya tatu na ya nne: volti 20, tofauti ndogo isiyosumbua. Nikaenda rengi ya kwanza. Towe likashuka, likapanda, likayumba kwa sekunde kadhaa, likatulia kwenye volti 18.5.

“Unaona inavyotikisika?” kijana akasema. “Hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe balbu.”

Nikamweleza kwamba kule kuyumba ni afya. Balbu lazima iwe nzito kupata joto na nzito kupoa kuliko wimbi lenyewe, la sivyo ingefuata kila mpando na mshuko wa wimbi na kuliharibu umbo. Kwenye Hz 5 wimbi moja linachukua sehemu nzima ya tano ya sekunde, na balbu inaanza kukaribiana nalo. Ndiyo maana mashine hizi huwa na wimbi chafu kidogo chini kabisa kuliko katikati. Uzito huohuo unaofanya wimbi liwe safi ndio unaofanya towe liyumbe kila unapobadilisha rengi. Unasubiri, linatulia. Kisicho cha kawaida ni pale lilipotulia: 18.5 badala ya 20.

Kusoma vitu viwili kwa pamoja

Sasa nikapima frikwensi. Hapa pana mtego mdogo unaowanasa wengi: kaunta ya frikwensi inayohesabu mawimbi kwa sekunde moja, ukiipa Hz 10, itakuambia 10 au 11, basi. Kosa la sehemu ya kumi halionekani. Kwenye frikwensi za chini unapima muda wa wimbi moja. Daili kwenye 10, muda ungekuwa milisekunde 100. Nilipata 88.5, yaani Hz 11.3. Daili kwenye 5 nikapata karibu 5.65, kwenye 50, karibu 56.5. Rengi ya pili, daili kwenye 100, nikapata 101.7. Rengi ya tatu, 1,000, nikapata 1,002.

Hapo nilikaa chini na karatasi, kwa sababu namba hizo zilikuwa zimeshasema karibu kila kitu.

Kwanza, kosa la rengi ya kwanza lilikuwa asilimia 13 kwenye ncha zote mbili za daili na katikati yake. Laiti lingekuwa kosa la kapasita, tuseme waya umesogea na kuongeza pikofaradi chache zisizotakiwa, lingeonekana zaidi kwenye ncha ya juu ya daili, mahali ambapo mabapa yametoka na kapasita imebaki na pikofaradi 50 hivi, na lingeonekana katika rengi zote, maana kapasita ni ileile. Halikuwa hivyo. Kosa lililo sawa daili nzima na linalopungua kwa kasi kila rezista inapokuwa ndogo ni kosa la ukinzani.

Pili, frikwensi imepanda na towe limeshuka. Huu mchanganyiko ndio niliotaka kijana auone, na ndio ninaouandikia makala haya. R1 na R2 zikiacha kuwa sawa, kanuni ya frikwensi inakuwa 1/(2π√(R1R2C1C2)), na ukuzaji unaohitajika hauwi tena 3, bali 1 + R1/R2 + C2/C1. Tuchukue hali nne. R1 ikipanda kwa uzee, frikwensi inashuka na ukuzaji unaohitajika unapanda. R2 ikipanda, frikwensi inashuka vilevile, lakini ukuzaji unaohitajika unashuka. R1 ikivujiwa, yaani kitu kikiisaidia kupitisha mkondo, frikwensi inapanda na ukuzaji unaohitajika unashuka. R2 ikivujiwa, frikwensi inapanda na ukuzaji unaohitajika unapanda.

Na nani anatoa huo ukuzaji? Balbu. Ukitakiwa ukuzaji mkubwa zaidi, balbu lazima ipoe ili ukinzani wake ushuke, na balbu haipoi mpaka wimbi linaloipasha lipungue. Towe linashuka. Ukitakiwa ukuzaji mdogo, balbu inapaswa kuwa na joto zaidi, na towe linapanda. Kwa hiyo volti za towe zinakuambia R1 na R2 zinavyolingana, na frikwensi inakuambia zao lao zikizidishwa. Ukiwa na vyote viwili, unajua ni rezista ipi na imeelekea wapi, kabla hujashika bisibisi.

Frikwensi juu, towe chini: R2 inavujiwa. Kuna njia ya pembeni kutoka kwenye gridi kwenda chini.

Nikahesabu. Frikwensi ikipanda mara 1.13, R2 imefanana na megaomu 50 badala ya 64. Ili 64 igeuke 50, kitu chenye megaomu 230 hivi kimekaa sambamba nayo. Nikajaribu hesabu hiyo kwenye rengi ya pili: megaomu 6.4 sambamba na 230 inatoa kosa la asilimia 1.4, na mimi nilipima 1.7. Inakaribia. Niliridhika, na hapo nilifanya haraka kidogo, tutarudi.

Vumbi linalovuta maji

Megaomu 230 si kitu unachokiona. Ni utando wa vumbi kwenye kipande cha kauri. Lakini kuna mtuhumiwa mwingine wa kuondoa kwanza: valvu ya kwanza yenyewe. Valvu yenye gesi ndani hupitisha mkondo kidogo kwenye gridi. Nanoampea 50, ambazo popote pengine hazina maana, zikipita kwenye megaomu 64 zinazaa volti 3.2 na kuhamisha valvu kutoka mahali pake. Ingekuwa hivyo, volti ya kathodi ingebadilika nikihama kutoka rengi ya pili kwenda ya kwanza. Nilipima: haikubadilika. Nikaweka valvu nyingine kwa kuhakikisha: milisekunde 88.5 zilezile.

Kijana alitaka kuweka kipimio cha osiloskopu kwenye gridi atazame wimbi hapo. Nikamzuia, halafu nikamwachia aone. Kipimio cha kawaida cha mara 10 kina megaomu 10. Alipogusa, wimbi likafa papo hapo. Megaomu 10 sambamba na 64 ni chini ya 9. Ukuzaji unaohitajika unaruka kupita 9, na balbu, hata ikipoa kabisa, haiwezi kuutoa. Alipotoa kipimio, wimbi likarudi polepole. Sidhani atasahau kwamba kwenye gridi hiyo hata chombo cha kupimia ni hitilafu.

Katika mzunguko huu, fremu ya kapasita ya hewa, kile chuma kizito kinachobeba mabapa yanayozunguka, imeunganishwa na gridi. Haigusi chesisi. Imesimama juu ya vihami vinne vya kauri, nguzo zisizopitisha umeme, na mhimili wake unaungana na kitufe cha daili kupitia kiungo kisichopitisha umeme. Kila uchafu juu ya nguzo hizo nne ni rezista iliyo sambamba na R2. Hali kadhalika sahani ya swichi ya rengi, ambako mguso wa gridi uko milimita chache kutoka kwenye miguso ya rezista nyingine, ambazo ncha zake za pili zimeenda chini.

Kijana akakumbuka jambo. “Siku za mvua ilikuwa inazidi,” akasema. “Nilidhani ni umeme wa mtaa.”

Nilichukua mrija mrefu wa plastiki, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama inavyopasa unapoinama juu ya volti 300, nikapuliza pumzi ya mdomo taratibu kuelekea nguzo za kapasita. Muda kwenye kaunta ulishuka kutoka 88.5 hadi chini ya 80, kisha ukaanza kupanda tena pole pole unyevu ulipokuwa unakauka. Nikapuliza kwenye rezista: hakuna kitu. Kwenye swichi: ulishuka kidogo. Nguzo, basi, na swichi kwa mbali.

Sasa kupima kwa uhakika. Mashine imezimwa, imechomolewa, imemwagwa volti zake, valvu ya kwanza imetolewa kwenye soketi, ncha ya chini ya R2 imefunguliwa. Mita ya kawaida ya kidijitali haisomi megaomu mia mbili, lakini ikiwa kwenye volti ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10, na hilo linatosha. Unachukua pawasaplai ya volti 100, unaweka mita mfululizo na kile unachokipima, unasoma volti zilizoangukia kwenye mita. Nilisoma 5.0. Volti 95 zimebaki kwenye uvujaji, mara 19 ya mita: megaomu 190.

Nilitarajia 230. Nikajisemea ni kosa la kipimo.

Chanzo cha uchafu kilikuwa wazi nilipomulika kwa tochi. Kuna mtu huko nyuma, simjui, alipuliza dawa yenye mafuta kwenye swichi ya rengi ili isikwaruze. Swichi ilipona. Mvuke wa mafuta ulitua kwenye kila kilicho karibu, na miaka iliyofuata vumbi lilishika kwenye mafuta na kutengeneza utando wa kijivu kuzunguka kila nguzo. Utando wenyewe ukiwa mkavu haupitishi kitu cha maana, lakini vumbi hunywa unyevu wa hewa, na ukishanywa, ndiyo megaomu zako. Dawa za namna hiyo zina mahali pake. Ndani ya mashine yenye rezista za megaomu 64, mahali pake ni kwenye ncha ya kijiti cha pamba, kwa tone moja, wala si kwa kupuliza.

Nilisafisha nguzo nne kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, nikabadilisha kitambaa kila mara ili nisihamishe mafuta kutoka nguzo moja hadi nyingine, sikuzigusa tena kwa vidole, nikakausha kwa hewa ya vuguvugu. Mita: volti 1.2, yaani megaomu 820 hivi. Nikaenda kwenye sahani ya swichi. Hiyo ni ya karatasi iliyoshindiliwa kwa resini, nayo hunywa maji hata ndani, kwa hiyo kuifuta hakutoshi. Niliisafisha, halafu nikaiacha chini ya taa yenye joto usiku kucha. Asubuhi: volti 0.2. Karibu megaomu 5,000.

Kosa lililokuwa limejificha

Nikarudisha kila kitu, nikawasha, nikasubiri. Daili kwenye 10. Nilitegemea milisekunde 100, au 99 na kitu. Nikapata 102.4. Towe volti 20.3.

Frikwensi chini, towe juu. Turudi kwenye zile hali nne: R2 imepanda. Nikafungua ncha yake tena na kuipima kwa njia ileile ya volti 100. Rezista ya megaomu 64 ingenipa volti 13.5. R1 ilinipa 13.5 barabara. R2 ilinipa 12.8: megaomu 68. Rezista ya zamani ya kaboni, imepanda kwa uzee, kama zinavyopanda nyingi.

Ndipo ile 230 iliponirudia. Nilikuwa nimeihesabu nikidhani R2 ni 64. Ukiweka 68 sambamba na 190 unapata 50, ileile 50 niliyoipata mwanzo. Hata ile 1.7 ya rengi ya pili inatoka sawasawa na 190, si na 230. Namba zote mbili zilikuwa zimeniambia kwamba kuna kitu cha pili, na mimi nikazipuuza kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa limenipendeza. Uvujaji ulikuwa unavuta R2 chini, uzee ulikuwa unaivuta juu, na uvujaji ulikuwa na nguvu zaidi. Nilipouondoa mmoja, mwingine ukaonekana.

Sikupata rezista moja ya megaomu 64. Niliunganisha tatu za kisasa mfululizo, 22, 22 na 20, nikazining'iniza hewani kati ya vihami viwili vya kauri badala ya kuzilaza juu ya ubao wa zamani. Milisekunde 99.4, yaani Hz 10.06. Towe 19.9. Nikapita rengi zote nne kwenye ncha mbili za daili, nikagusa kidogo kapasita ya kurekebisha upande wa juu, nikafunika sanduku. Kifuniko ni sehemu ya mzunguko, kwa njia: mashine hii isipofunikwa, mkono ukikaribia fremu ya kapasita frikwensi inasogea na mlio wa umeme wa ukutani unaingia. Vipimo vya mwisho vichukuliwe ikiwa imefungwa.

Daftari

Kijana alikuja na daftari lake. Alikuwa ameshapima amplifaya kadhaa kwa mashine hii kabla ya kuileta, na kwa kila moja ameandika mahali besi inapoanza kushuka. Aliuliza kama anaweza kuzidisha namba zake zote kwa 1.13 akamaliza.

Nilitamani ningeweza kumwambia ndiyo. Alipoandika 20, amplifaya kweli ilikuwa inapokea 22.6, kwa hiyo ilionekana inastahimili besi kuliko ilivyo. Hilo lingesahihishwa kwa kuzidisha. Lakini alikuwa analinganisha towe la amplifaya kwenye 20 na towe lake kwenye 1,000, na osileta kwenye 1,000 ilikuwa inampa volti 20 ilhali kwenye rengi ya kwanza ilimpa 18.5. Hiyo ni desibeli 0.7 hivi iliyopotea kwenye osileta na kuandikwa kama udhaifu wa amplifaya. Makosa mawili yanavutana, moja linaipendelea amplifaya na jingine linaionea, na kiasi gani limeshinda lipi kinategemea transfoma ya kila amplifaya inavyoshuka, halafu kinategemea unyevu wa siku ile. Volti za kuingilia hakuziandika.

Akaangalia kurasa zake kwa muda. Halafu akachora mstari juu yake, akaongeza safu mpya pembeni yenye kichwa “volti za kuingia”, akaenda kuileta amplifaya ya kwanza. Tulianza na Hz 1,000, tukashuka hadi 20, tukasubiri balbu itulie.

“Kumi na tisa nukta tisa,” akasoma, akaandika, ndipo akageukia mita ya pili.